Majivu ya Kitandililo

Elieza alikuwa mtu wa kushuku kuanzia utosini hadi unyayoni, na hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote pale Njombe. Akipewa chai aliinusa kwanza. Akisalimiwa kwa furaha kuliko kawaida alijiuliza huyu leo anataka nini. Mwaka mmoja mahindi yalipokuwa yakipungua ghalani, alinyunyiza majivu mlangoni jioni ili amnase mwizi, na asubuhi akakuta nyayo za mkewe Hulda, aliyekuwa ameingia kuchota ya kupika. Walinuniana wiki nzima. Mtu mwingine angejifunza kunyamaza, lakini Elieza alitoka katika aibu ile na imani moja tu, kwamba mtu hudanganya na majivu hayadanganyi.

Serikali ikimpata mtu wa namna hiyo haimwachi hivihivi, inampa kazi ya ukaguzi. Elieza alikuwa msaidizi wa afya pale Boma, ofisi ya serikali ya wilaya, mwenye kofia ya kaki na baiskeli ya serikali, na mwaka ule aliotawazwa Malkia huko Uingereza wilaya nzima ilikuwa imeshikwa na homa ya vyoo. Minyoo na kuhara vilikuwa vinamaliza watoto. Wakubwa wakaamua kwamba kila mji, yaani kila kaya, uwe na choo cha shimo, chenye kuta, paa na mfuniko, na kwamba watu wasilazimishwe kwanza bali washawishiwe.

Kazi ya kushawishi alipewa Filbert, kijana mtanashati mwenye gramafoni na ulimi mtamu. Kila kijiji alichofika alipiga santuri mbili tatu mpaka watu wakajaa, kisha akahubiri habari za nzi na kinyesi kwa ufasaha ambao hata mchungaji angeuonea wivu. Watu walimwita Mwinjilisti wa Vyoo. Kila mji uliochimba ulipewa mche wa sabuni, na miaka ile sabuni haikuwa kitu cha kuchezea.

Haikupita miezi mingi Filbert akaja Boma na habari nzuri kupita kiasi. Kitandililo, kule karibu na Makambako, kila mji ulikuwa na choo, na kila choo kilikuwa kinatumika. Elieza aliposikia neno "kila", masikio yalimsimama.

Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, aliwaita ofisini wote wawili pamoja na daktari wa wilaya. Alikuwa Mwingereza mrefu aliyejifunza Kiswahili kitabuni, na alikizungumza kama mtu anayesoma tangazo ukutani. Wakubwa wa jimbo walitaka kujua kama mpango uendelee au ufutwe.

"Vyoo vimechimbwa, nimeviona kwa macho yangu," alisema. "Lakini choo si pambo. Nitajuaje kwamba watu wanakwenda?"

"Tuvihesabu tu, bwana," Filbert alijibu. "Mtu hawezi kuchimba shimo refu kuliko yeye mwenyewe kwa kujifurahisha."

"Anachimba kwa sabuni," alisema Elieza.

Daktari alishauri wapime vinyesi vya watoto. Minyoo ikipungua, ndiyo dalili. Bwana Shauri akauliza jambo hilo litachukua muda gani, na aliposikia mwaka, pengine na zaidi, alikunja uso. Akauliza kama haingekuwa rahisi kupita nyumba kwa nyumba na kuwauliza watu wenyewe. Hapo Elieza hakuweza kujizuia, alicheka.

"Bwana, ukimwuliza mtu kama anatumia choo, na wewe kichwani una kofia ya serikali, atakwambia analala humohumo."

Ndipo alipotoa wazo lake. Majivu laini yaliyochekechwa yamwagwe jioni kwenye mlango wa kila choo, upana wa hatua mbili, mtu asiweze kuyaruka. Asubuhi wakaguzi wapite wasome nyayo. Hakuna kuuliza, hakuna kusimuliwa. Bwana Shauri alipenda sana. Filbert hakupenda.

"Huo ni mtego, siyo ukaguzi," alisema. "Watu nimewabembeleza mpaka wakaniamini. Wakituona tunavizia nyayo zao, kesho nitawaambia nini?"

"Anayeogopa mtego ni nani?" Elieza aliuliza, akimkazia macho.

Yakachaguliwa majivu. Walipofika kwenye swali la kijiji cha kuanzia, Elieza alisema hapohapo kwamba kiwe Kitandililo. Binti yake Ida alikuwa ameolewa kule, katika mji wa mzee Yonathani, na ukoo ule ulikuwa umeoa na kuozesha nusu ya kijiji. "Ni wakwe zangu," alisema kwa kujiamini. "Hawatanificha kitu."

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kosa ambalo mgeni asingeweza kulifanya. Katika milima yetu ile, mkwe ndiye mtu wa mwisho duniani wa kuzungumza naye habari za haja. Utaongea naye mvua, ng'ombe, Injili, hata kifo, lakini hilo hapana. Elieza alikijua kitu hicho tangu utotoni, akakiacha nje ya mlango wa ofisi pamoja na baiskeli. Na kilichowekwa mezani siku ile, yeye asijue, hakikuwa kampeni ya vyoo. Ilikuwa ndoa ya Ida.

Nyumbani, Hulda alimsikiliza akieleza mpango, kisha akasema, "Baba Ida, niache niende mimi. Nitakaa na wanawake mtoni tukifua, na nitarudi na kila kitu."

"Wanawake mnafichana," alisema Elieza, na akaenda kutia upepo baiskeli.

*

Mzee Yonathani hakuwa Mbena kama wenyeji wa pale. Alikuwa Mkinga wa Makete, aliyehamia Kitandililo na ndugu zake akiwa kijana kutafuta ardhi tambarare, akaja na ukimya wa watu wa kule juu ambao hawasemi mpaka wajue baridi imeingia kiasi gani. Mkewe alikuwa amefariki. Mwanawe Anyisile, mume wa Ida, alikuwa mashamba ya mkonge Tanga, na katika mji ule walibaki mzee mwenyewe, Ida, na watoto wawili wadogo wa Ida na Anyisile. Choo chake kilikuwa kizuri kuliko vyote. Kuta zilipakwa udongo mwekundu chini na mweupe juu, na njia ya kwendea ilifagiliwa kama ya kanisani.

Elieza alipokitazama, kitu cha kwanza alichojiuliza ni kwa nini kizuri hivyo.

"Kamwene, mkwe," alisalimia kwa Kibena. "Naona umejenga. Mnakwenda vizuri?"

Yonathani alitazama upande wa vilima. "Mwaka huu mvua ni haba," alisema.

Elieza aliuliza tena, na mzee akasema mahindi ya Wanging'ombe yameanza kunyauka. Mara ya tatu mzee aliomba radhi akaenda kumwangalia mbuzi ambaye hakuwa na tatizo lolote. Mtu mwenye akili timamu angeona kwamba mzee anaona haya. Elieza aliona hatia. Aliporudi kwa Jumbe Enoki, mkuu wa kijiji aliyempa mahali pa kulala, alikuwa tayari ameshaamua kwamba pana jambo linafichwa na kwamba Filbert yumo ndani yake.

Majivu yakamwagwa. Asubuhi Elieza, Filbert na Jumbe walipita mji kwa mji, Elieza akiwa mbele akiinama kama anayetafuta sindano. Nyayo zilikuwapo. Katika miji ya vijana waliojitenga na wazazi wao zilikuwapo za kila namna. Lakini katika miji ya wazee, miji mikubwa yenye wake wa watoto wao wa kiume, zilikuwa za wanaume na watoto watupu. Kwa Yonathani palikuwa na unyayo mpana wa mzee, kwenda na kurudi, na vijiguu vya wajukuu. Mguu wa mwanamke haukuwapo.

"Unaona?" Elieza alimwambia Filbert. "Uliwaambia wanaume wapitepite ili tuone nyayo. Wanawake umewasahau."

"Sikumwambia mtu kitu," Filbert alijibu. "Lakini mtu akishaamua kunishuku, hata nikikohoa atasema nimetoa ishara."

Elieza alimfuata Ida nyuma ya nyumba alikokuwa akipeta maharage. Ida alikuwa binti yake wa kwanza, mrefu, mwenye macho ya mama yake, na alipomwona baba yake alitabasamu kisha tabasamu likakatika.

"Hamtumii choo kile, mwanangu?"

"Watoto nawapeleka, baba."

"Na wewe?"

Ida aliinamia ungo. "Choo kile ni cha baba," alisema polepole, akimaanisha mkwewe, ambaye jina lake hakuwahi kulitamka tangu aolewe.

"Siyo cha baba, ni cha mji mzima! Serikali haikutoa sabuni kwa ajili ya mtu mmoja."

Ida aliendelea kupeta. Angesema nini? Kumweleza baba mzazi habari ile kulikuwa kugumu karibu sawa na kumweleza mkwe. Elieza aliona anavyomficha uso, akajiambia kwamba mtoto wake ametishwa. Alimwonea uchungu, na uchungu wa Elieza siku zote ulikuwa unageuka kuwa ukali.

Mchana watu waliitwa uwanjani kwa Jumbe. Elieza akatangaza kwamba Jumatano jioni majivu yatamwagwa tena, na kwamba mji wenye mwanamke mzima ambaye nyayo zake hazitaonekana Alhamisi asubuhi, mwenye mji atapelekwa barazani mbele ya Bwana Shauri. Jumbe Enoki alisimama, akakohoa, akafungua mdomo.

"Bwana Afya, kuna miji mingine ina… ina heshima zake…"

Kisha akatupa macho kwa watu waliokaa mbele yake. Hapa mkwe wake, pale baba wa mkwe wa mdogo wake, kule Yonathani na wazee wenzake, na Elieza mwenyewe ambaye ni mkwe wa kijiji kizima. Akakohoa tena. "Nilikuwa nataka kusema tumesikia," akamaliza, akaketi. Elieza akamshuku na Jumbe pia.

Kabla ya kuondoka alimwita Ida pembeni ya njia. "Usiniaibishe," alimwambia. "Nimewaambia Boma kwamba hawa ni watu wangu. Mji wako uwe wa kwanza."

"Baba…"

"Alhamisi asubuhi, Ida."

*

Jumatatu alirudi Njombe, akiwaachia Filbert na Jumbe kazi ya kumwaga majivu, na hakumwambia Hulda lolote. Alijua mkewe akisikia atatuma neno kwa binti yake, na ukaguzi utaharibika. Alikula, akalala, akaenda kazini, akarudi, mdomo umefungwa kama bahasha ya serikali. Hulda alipouliza habari za Ida alijibiwa kwamba wazima. Jumatano alasiri tu, alipopiga hesabu kwamba sasa hata mtu akikimbia hataweza kuwahi majivu, ndipo alipomweleza, tena kwa majivuno kidogo.

Hulda alikuwa anamenya viazi. Aliweka kisu chini.

"Umemwambia Ida aingie kwenye choo cha mkwewe?"

"Nimewaambia wanawake wote."

"Nimekuuliza Ida." Sauti yake ilikuwa imepoteza rangi. "Baba Ida, mtoto yule hasemi jina la mzee. Hakalii kigoda chake. Hamtazami akila. Kwa Wakinga haja ya mkwe na haja ya mke wa mwanawe hazikutani shimo moja, afadhali mtu atembee mpaka kichaka cha ng'ambo na mvua inanyesha. Akikanyaga pale, na watu wakaona amekanyaga, amemvua nguo mzee mbele ya kijiji. Watamrudisha hapa. Na watoto watabaki kule, ni wa ukoo ule."

"Hata sisi tuna heshima hizo," Elieza alisema kwa sauti ndogo, "lakini choo ni…"

"Wewe hujawahi kuwa na mkwe wa kike! Mungu alikupa mabinti watupu, serikali ikakupa nyumba yenye choo chako, ukadhani choo ni shimo tu." Alisimama, maganda yakamwagika. "Kwa nini hukuniambia Jumatatu?"

Elieza aliinama akaanza kuokota maganda. Alikuwa amemshuku.

Alitoka mbio bila kofia. Jioni ile hapakuwa na gari. Lori la viazi la mfanyabiashara mmoja lilikuwa linaondoka alfajiri, na alimsihi dereva mpaka dereva akaona huyu Bwana Afya ama amefiwa ama amepata wazimu. Alfajiri wakaondoka, ukungu umefunika mashamba ya miti ya miwati, lori likipanda na kushuka kwa ukaidi, na Elieza juu ya magunia akiomba jambo ambalo hakuwahi kuliomba maishani: majivu yasiwe na kitu. Alimwomba Mungu binti yake awe amemkaidi.

Makambako alishuka kabla lori halijasimama, akaazima baiskeli kwa fundi cherehani barazani pa duka, akaikanyaga mpaka Kitandililo kifua kikiwaka. Jua lilikuwa limeshapanda. Mwisho wa kijiji aliwaona Jumbe na Filbert wakitoka mji wa jirani, wakija upande wa Yonathani, wakiinama na kusimama. Alipita njia ya nyuma.

Ida alikuwa amesimama kando ya jiko, mikono ameifumbata tumboni. Hakumsalimia. Elieza alikwenda moja kwa moja chooni, akaangalia chini.

Mguu ulikuwapo. Mmoja tu, wa kulia, mwembamba, umekanyagwa katikati ya majivu kwa nguvu, kama wa mtu aliyefumba macho akaruka ndani ya maji ya baridi. Kidole kidogo kilikuwa kimeinuka juu na kuacha alama ya pekee pembeni. Elieza alikijua kidole kile. Anacho yeye, na mama yake alikuwa nacho.

"Mzee ameona?" alinong'ona.

"Bado hajatoka ndani," Ida alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyajali. "Nimefanya ulivyosema, baba."

Maneno yale yalimkata Elieza kuliko kama angetukanwa. Nyuma ya ukuta alisikia komeo la mlango wa mzee likivutwa, na upande wa pili sauti ya Filbert akicheka na Jumbe njiani. Hakufikiri. Aliingia kwenye majivu kwa viatu vyake vya serikali, akasugua, akazunguka, akasugua tena, mpaka pale mahali pakawa kama kuku wameoga.

Alipoinua macho, Yonathani alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, blanketi begani. Mzee alitazama viatu vilivyojaa majivu. Akamtazama Ida, mara moja tu na kwa mbali, machozi yake, mikono yake. Halafu akatazama vilima. Elieza, aliyezoea kusoma nyuso za watu akitafuta uongo, hakuweza kuusoma uso ule hata kidogo.

"Kumbe umekwishafika!" Filbert alisema, akikunja kona. Kisha akaona. "Hapa imekuwaje? Haya ni majivu au ni uwanja wa ngoma?"

"Nimekagua," alisema Elieza.

"Unakagua kwa kukanyaga?"

"Nimekwambia nimekagua."

Filbert alichuchumaa, akanyoosha kidole kwenye alama za soli. Aliinua uso akamtazama Elieza kwa macho membamba, na Elieza akayatambua macho hayo, kwa kuwa yalikuwa ya kwake mwenyewe, yamehamia kwa mtu mwingine. "Na ulikuta nini kabla hujakagua hivyo?"

Jumbe Enoki alikuwa anatazama ardhi. Ida alikuwa amegeukia jiko. Elieza akisema palikuwa na mguu wa mwanamke, mwanamke mzima katika mji ule alikuwa mmoja tu.

"Mguu wa mwanamke haukuwapo," alisema Elieza.

"Basi mzee anakwenda barazani," alisema Filbert.

"Nitakwenda," alisema Yonathani, akarudi ndani.

*

Baraza lilikaa Makambako, chini ya bati la soko, Jumamosi. Watu walifurika. Bwana Shauri alikaa mezani na bendera ndogo mbele yake, Elieza kulia kwake, Filbert kushoto. Wazee wa miji isiyokutwa na nyayo za wanawake walisimama kwenye mstari, na wanawake walikaa upande wao, Ida katikati yao, amejifunika kaniki mpaka kwenye paji la uso.

Njiani kutoka Njombe Elieza alijaribu kumwambia Bwana Shauri kwamba pengine njia ile haikufaa, kwamba majivu yanaonyesha nani ameingia na hayaonyeshi kwa nini mwingine hakuingia. Bwana Shauri alimjibu kwamba sasa anaongea kama daktari. "Ulisema majivu hayadanganyi. Nilikuamini," alisema, na alikuwa anasema kweli.

Aliitwa Yonathani.

"Mzee, umejenga choo kizuri. Umepokea sabuni. Kwa nini watu wa mji wako hawakitumii?"

Kulikuwa na jibu la kweli, la heshima, na kila mtu mzima pale alilijua. Lakini kulitoa ilikuwa ni kutaja haja ya mke wa mwanawe mbele ya baba yake mzazi na mbele ya umati, na Yonathani alikuwa mtu wa kufa kabla hajafanya hivyo. Alivuta blanketi lake.

"Nilichimba nipate sabuni," alisema. "Choo chenyewe sikitumii. Mimi naenda porini. Na mji wangu unafuata tabia yangu."

Vijana wa Makambako, wasiojua mzee yule ni nani, walianza kucheka. Mmoja akaigiza mzee anayechuchumaa, na kicheko kikaenea. Yonathani, ambaye hakuwahi kutamka neno lile mbele ya mkwe wake, alikuwa amelitamka mbele ya dunia, tena kwa uongo, kwa kuwa siku ya kwanza unyayo wake mpana ulikuwa umeandikwa kwenye majivu kwenda na kurudi, Elieza akiuona. Alisimama wima akachekwa. Upande wa wanawake kaniki ya Ida ilikuwa inatikisika.

Bwana Shauri aligonga meza. Alisema kazi ya barabara, mwezi mmoja, kwake na kwa wenzake wote katika mstari. Halafu alisimama kusema lile alilokuja kusema. Njia ya majivu imefaulu. Imeonyesha ukweli ambao maneno yalikuwa yameuficha. Kuanzia wiki ijayo itapelekwa Wanging'ombe, itapelekwa Mlangali, itapelekwa kila mahali, na atakayeisimamia ni Elieza, ambaye hivi karibuni atapewa cheo.

Watu wakapiga makofi ya woga. Elieza alitazama mbele. Akilini aliwaona wasichana wa Mlangali na Wanging'ombe ambao hajawahi kukutana nao, kila mmoja amesimama kando ya jiko, mikono tumboni. Aliona kwamba akieleza sababu ya kweli amemtaja Ida, na asipoeleza, wazee wale wataponda mawe barabarani kwa kosa lake. Alitafuta njia ya tatu, na akaikuta mahali pa ajabu, katika lile jina lake baya ambalo watu wote walilijua.

"Bwana," alisema, akisimama. "Hakuna kilichofaulu. Majivu nimeyachezea mimi."

"Umeyafanya nini?"

"Nimeyavuruga. Kwa Yonathani nimeyakanyaga kwa viatu, Jumbe na huyu Filbert wameona. Kwingine nilitangulia nikafuta. Nyayo za wanawake zilikuwapo. Wazee hawa hawana kosa, na huyu aliyesema anaenda porini ameogopa tu kubishana na serikali."

Uso wa Bwana Shauri ulikuwa mwekundu hadi shingoni. "Kwa sababu gani?"

Elieza alimgeukia Filbert. Uongo wake ulitoka kwa urahisi uliomshangaza, kwa kuwa robo tatu yake ilikuwa kweli.

"Nilitaka huyu aonekane mwongo. Nilimshuku tangu siku ya kwanza, na nisipomkamata mtu ninayemshuku, silali."

Hakuna aliyetilia shaka. Toka Njombe mpaka Makambako hapakuwa na mtu ambaye angesikia hivyo akasema hapana, Elieza hayuko hivyo. Jumbe Enoki aliinua mkono haraka, akathibitisha kwamba viatu aliviona. Filbert aliegemea kiti chake, akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Nilijua," alisema. "Nilijua toka siku ile ofisini."

Bwana Shauri alimwambia Elieza arudishe baiskeli na kofia Jumatatu, na kwamba afadhali ashukuru hafungwi. Akawaachia wazee waende. Kuhusu vyoo alisema atafikiri upya, akaingia garini bila kumuaga mtu.

Watu walipotawanyika walimpita Elieza kwa mbali, kama mtu mwenye upele. Kijana mmoja alitema mate karibu na viatu vyake. Yonathani hakumpita. Alisimama mbele yake, akaweka fimbo chini ili mikono yote miwili iwe huru, akampa yote miwili, akainama, watu wote wakitazama.

"Kamwene, mkwe," alisema.

"Kamwene."

Mzee akaokota fimbo yake akashika njia ya Kitandililo. Ida alikuwa mbele kwenye njia hiyohiyo, kikapu kichwani. Aliposikia fimbo nyuma yake alitoka njiani, akaingia kwenye majani, akageuza uso na kupiga goti kidogo mpaka mkwewe alipopita, kama mke yeyote mwenye heshima yake. Halafu akarudi njiani, akamfuata kwa mbali kwenda nyumbani.